Mali ya Ngitili Haimo Kwenye Ukijani

Ukisoma taarifa za mazingira zinazoandikwa siku hizi juu ya Kanda ya Ziwa, utakuta hoja moja inajirudia kwa maneno tofauti: setilaiti imeshasema. Shinyanga, mkoa ambao Mwalimu Nyerere aliuita jangwa la Tanzania, sasa unaonekana kijani kutoka angani, kwa hiyo umepona. Geita, upande wake wa magharibi, ina madoa ya kahawia yanayozunguka machimbo ya dhahabu, kwa hiyo inakufa. Ramani mbili, hukumu mbili, kikao kimefungwa. Anayeuliza swali huambiwa kwamba picha haidanganyi, na kwamba zama za kumtegemea bwana misitu na daftari lake zimepita. Hoja hii ina mvuto kwa sababu imetokana na vyombo vya kweli na hesabu za kweli. Lakini inakosea, tena inakosea kwenye kiini chake, kwa kudhani kwamba kile kinachopimwa na setilaiti ndicho kile ambacho watu wa Shinyanga walikirudisha.

Chombo chenyewe hakistahili dharau. Tarehe 7 Mei 2013 roketi ya Vega iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa imebeba setilaiti ndogo ya Shirika la Anga la Ulaya iitwayo Proba-V. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 140 na umbo lisilofika meta moja ya ujazo. Pikapu ya kawaida ingeibeba na nafasi ikabaki. Pamoja na udogo huo, ikiwa kilomita 820 juu, kamera zake zilifagia ukanda wenye upana wa kilomita 2,250 kwa mpito mmoja, na ndani ya siku mbili ilikuwa imeuona uoto wa dunia nzima. Ilirithi kazi iliyokuwa ikifanywa tangu 1998 na kamera za Vegetation zilizofungwa kwenye setilaiti za SPOT za Ufaransa. Haikubeba mafuta ya kurekebisha njia yake, ikawa inateleza kidogo kidogo, hadi kazi yake ya kupima dunia yote ikafungwa mwishoni mwa Juni 2020. Kipimo ilichokitumia, ambacho bado kinatumiwa na warithi wake, ni rahisi kukielewa. Jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu sehemu kubwa ya miale ya infraredi ambayo jicho la mtu haliioni. Setilaiti hupima miale yote miwili, huchukua tofauti yake, huigawanya kwa jumla yake, na kupata namba iliyo kati ya hasi moja na moja. Udongo mtupu hubaki karibu na sifuri. Msitu mnene hupanda kuelekea moja. Hesabu hiyo imewasaidia sana wanaotabiri mavuno na ukame barani Afrika, na wala sina ugomvi nayo. Ila hakuna popote ndani yake panapoulizwa huu ni mmea gani, ni wa nani, unaliwa na nani, na lini.

Na hayo ndiyo maswali yaliyoifufua Shinyanga. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho: eneo linafungwa mvua zinapoanza, mifugo haikanyagi humo, nyasi zinakua, zinatoa mbegu, kisha zinakauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokomaa, malisho ya nje yakiwa yamekwisha, ndipo lango linafunguliwa kwa ndama, kwa wanyama waliodhoofika na kwa maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi. Mkoa huu hupata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, tena mvua isiyoaminika, na kati ya Mei na Oktoba anga huwa kavu. Kwa hiyo ngitili iliyotunzwa kwa nidhamu kamili, ukiitazama mwezi Septemba, ina rangi ya nyasi kavu kuanzia mpaka mmoja hadi mwingine. Hiyo ndiyo siku thamani yake iko juu kuliko siku zote za mwaka, na ndiyo siku namba ya setilaiti iko chini kuliko zote. Uwanda wa jirani, uliolishwa hadi vumbi, nao una namba ya chini. Kwa kipimo cha ukijani, ghala lililojaa na ghala tupu yanakaribia kufanana. Mtaalamu ataniambia kwamba Proba-V ilikuwa na mkanda wa nne, wa infraredi ya mawimbi marefu zaidi, unaoweza kusaidia kutenganisha nyasi kavu na udongo mtupu. Ni kweli. Lakini taarifa zinazofika mezani kwa wakubwa hazichorwi kwa mkanda wa nne. Huchorwa kwa ukijani, rangi ambayo kila mtu anadhani anaielewa.

Tuigeuze hoja upande wa pili, tuulize ni nini hasa kinachopanda namba inapopanda, mwezi Machi. Zinapanda nyasi za ngitili, ndiyo. Lakini inapanda pia pamba, ambayo mkulima ataing'oa na kuichoma msimu ukiisha. Yanapanda mahindi, na majaruba ya mpunga kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako zamani palikuwa malisho. Vinapanda vichaka vya miiba ambavyo ng'ombe hapenyi. Juu ya yote hayo inapanda mvua yenyewe: mwaka wa El Niño kama 1997/98 unaweza kuipaka kijani nchi ambayo hakuna mtu aliyeitunza, na mwaka wa ukame kama 2005/06 unaweza kuikausha ile iliyotunzwa vizuri. Watafiti makini hujaribu kuondoa athari ya mvua kabla ya kusema lolote, na huandika tahadhari zao kwa urefu. Tahadhari hizo ndizo huanguka njiani pale utafiti unapogeuzwa kuwa ukurasa mmoja wenye ramani ya rangi.

Kisha kuna suala la ukubwa, ambalo wasemaji wa setilaiti hulipita haraka. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilianza mwaka 1986 ikaendelea hadi 2004. Ilipoanza, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa na jumla ya takribani hekta 600 tu. Miaka ya mwisho ya programu, uchunguzi wa vijiji 172 ulikuta ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122. Kati ya hizo, 284 tu zilikuwa za jumuiya. Nyingine zote zilikuwa za kaya. Gawanya mwenyewe: wastani ni hekta 4.2 kwa ngitili, na ya kaya ni ndogo zaidi ya hapo, kwa kuwa zile chache za jumuiya ndizo zinazovuta wastani juu. Sasa chukua picha ya Proba-V yenye upana wa meta 300 kwa kila nukta. Nukta moja ni hekta 9. Ngitili ya kaya inaingia ndani ya nukta hiyo pamoja na shamba la jirani, njia ya ng'ombe na pengine boma zima, na namba inayotoka ni mchanganyiko wa vyote. Hata hiyo Proba-V haikuiona HASHI ikifanya kazi. Ilirushwa miaka tisa baada ya programu kufungwa. Kamera za SPOT zilizokuwepo kabla yake zilikuwa na nukta ya kilomita moja, yaani hekta 100. Landsat ya meta 30 ilikuwepo, lakini picha zake ziliuzwa mpaka mwaka 2008. Ufufuo ambao leo unatajwa kama ushindi wa macho ya angani ulihesabiwa, ulipokuwa ukitokea, na watu waliotembea kijiji hadi kijiji.

Watasema mambo yamebadilika. Sentinel-2, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina nukta za meta 10, na hekta 4.2 inakuwa na nukta 420. Nakubali, na kwa wepesi, kwa sababu jibu hilo linaondoa tatizo dogo na kuliacha kubwa. Ukiikata picha vipande vidogo zaidi unapata ukijani uliokatwa vipande vidogo zaidi. Huoni lango. Huoni makubaliano ya kulifungua au kulifunga, wala huoni ni nani aliyekodishwa nyasi na nani aliyenyimwa. Kilichoirudisha ngitili baada ya 1986 hakikuwa miche, maana programu ilianza na vitalu na miti ya kigeni, na watu wakaipokea bila shauku. Kilichoirudisha ni kuruhusiwa tena kwa sheria ya watu wenyewe: dagashida, baraza la Kisukuma linalokaa na kuamua, sungusungu wanaolinda, na mchenya, yaani faini, kwa anayeingiza mifugo kabla ya wakati. Baadaye sheria ya nchi ikasogea karibu nao, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 iliyovipa vijiji nafasi ya kuwa na misitu yao. Visiki na mizizi vilivyokuwa ardhini vikachipua vyenyewe vilipoachwa. Ukijani ulikuja nyuma ya mamlaka, na ukiupima wenyewe tu, unapima kivuli cha jambo.

Wenye kudhani kwamba kijani ni wema kwa asili yake wasome historia ya hapo hapo. Miaka ya 1920 na 1930 janga la Shinyanga lilikuwa ukijani. Vichaka vilihifadhi mbung'o, mbung'o waliua ng'ombe, na serikali ya Kiingereza iliiweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Nguvukazi ya Wasukuma ikaitwa kupitia watemi wao, na maelfu wakafyeka pori kwa shoka na moto. Ng'ombe wakaongezeka, pamba ikapanuka, na mtu mwenye setilaiti wakati huo angeripoti uharibifu mkubwa mahali ambapo mfugaji aliona ukombozi. Kisha katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikahamisha watu kutoka kwenye maboma yao, ngitili zikabaki mbali na wenyewe, zikawa mali ya yeyote, na mali ya yeyote haikawii kuisha. Mara ya kwanza wataalamu waliona kijani wakasema adui. Mara ya pili waliona udongo wakasema adui. Mara zote mbili rangi ilisomwa kwanza, na mpango wa watu juu ya ardhi ukasomwa mwisho, kama ulisomwa kabisa. Ramani za leo ni nzuri kuliko zile, lakini mpangilio wa kusoma ni ule ule.

Geita inaonekana kuwa kesi rahisi zaidi, na ndiyo maana inapotosha zaidi. Shimo la wazi la Nyankanga, la mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2000 ndani ya hifadhi ya msitu wa Geita, linaonekana kwenye picha yoyote. Hakuna anayebisha. Lakini shimo hilo lina mipaka, lina leseni na lina mwenye kuulizwa. Mtu hahitaji setilaiti ili ajue lilipo. Kinachoumaliza msitu kimyakimya ni kitu kingine. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, lina mdomo wa meta moja na kitu. Linaposhuka, kuta zake hushikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa mraba juu ya mraba kutoka mdomoni hadi kwenye mwamba, na kila meta inayochimbwa inadai magogo mengine. Hayachukuliwi magogo yoyote tu: wanatafuta yaliyonyooka, ya unene wa paja, yanayobebeka. Mkata matimba anaingia kwenye miombo ya Bukombe au Mbogwe, anachagua mti mmoja hapa, mwingine kule, na kuiacha ile mikubwa iliyopinda na yenye matawi mapana. Msitu uliochujwa hivyo umepoteza miti ambayo ingekuwa msitu wa miaka thelathini ijayo, lakini matawi mapana bado yamefunika, na kutoka angani unaendelea kusomeka kama msitu. Zaidi ya hapo, miombo hupukutisha majani kiangazi na kuchipua majani mekundu kabla ya mvua, kwa hiyo mwenye haraka anaweza kuandika ukataji mahali penye desturi ya mti tu, na kuandika uzima mahali penye shoka.

Halafu kuna lile ambalo halina rangi kabisa. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na dhahabu kukamatwa kwa zebaki, yanabaki marudio, ule mchanga unaorundikwa ili upelekwe kwenye vati kwa sianidi au uachwe usombwe na mvua. Rwamagasa, huko huko Geita, ilifanyiwa uchunguzi wa zebaki mapema miaka ya 2000, na waliofanya kazi hiyo walichota udongo, maji na samaki, wakapima na watu. Nyasi huota juu ya marudio ya zamani, na mpunga huota bondeni chini yake. Namba ya ukijani wa bonde hilo inaweza kuwa nzuri kabisa. Mwenye kutaka kujua kama ardhi ya Geita ni nzima, basi, akianzia kwenye ukijani ameanzia mahali ambapo sumu haionekani na ukataji wa kuchagua hauonekani, na kinachoonekana ni kile ambacho tayari kila mtu alikuwa anakijua.

Pingamizi lenye uzito ni moja, na halihusu ufundi wa kamera. Linasema hivi: watu hudanganya. Mtendaji wa kijiji ataongeza hekta ili kupendeza wilaya, wilaya itaongeza ili kupendeza wafadhili, na mwisho wa safari tunaambiwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 zimerudishwa, pengo kubwa kiasi cha kumfanya yeyote ashuke moyo. Setilaiti haina mjomba wala mfadhili. Ni hoja nzito, na hilo pengo la laki mbili ni aibu ya kweli. Lakini tazama lilivyo. Ukichukua hekta 78,122 za vijiji 172, ukagawanya na kuzidisha kwa vijiji 833 vya mkoa wa wakati ule, unapata takribani hekta 378,000. Namba hiyo inaweza kubishaniwa hatua kwa hatua: vijiji vilichaguliwaje, nani alipima, kijiji cha Meatu kinafanana na cha Kahama? Uwanja wa mjadala upo wazi. Namba ya setilaiti nayo ina maamuzi ya watu ndani yake, ila yamefichwa. Bidhaa za Proba-V za siku kumi, kwa mfano, zilitengenezwa kwa kuchagua, katika kila nukta, kipimo cha juu kuliko vyote katika siku hizo kumi, ili kukwepa mawingu. Ni uamuzi wenye sababu nzuri, na bado ni uamuzi: siku iliyo kijani kuliko zote ndiyo inayopewa nafasi ya kusema. Mpaka wa mkoa nao ni uamuzi. Shinyanga ya HASHI ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 50,000. Mwaka 2012 ilikatwa, Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita, na mkoa uliobaki hauna hata kilomita za mraba 20,000. Ramani inayolinganisha Shinyanga njema na Geita mbaya inasahau kwamba sehemu ya Geita hiyo ilikuwa Shinyanga ile ile iliyosifiwa. Tanzania ilipotaka kujua misitu yake kwa uhakika, ilifanya NAFORMA, kazi ya miaka kadhaa iliyopeleka watu kwenye maelfu ya viwanja vya sampuli wakiwa na tepu za kupimia unene wa miti, na picha za angani zikatumika kupanga waende wapi na kutandaza walichokipata. Huo ndio mpangilio ninaoutetea. Anayesema nataka kuzima setilaiti hajanielewa. Ninataka ije baada ya mpaka wa ngitili kuchorwa na wenyewe, na iulizwe maswali inayoyaweza: moto umepita wapi, pori gani limefunguliwa ghafla, mwaka huu unalinganaje na miaka ishirini ya mahali hapo hapo chini ya mvua kama hiyo hiyo.

Haya yasingekuwa na haraka kama yangebaki mabishano ya wasomi. Lakini tangu kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, ukijani umeanza kuwa fedha, na kipimo kinapogeuka fedha kinaanza kuamuru. Kijiji kinachofungua ngitili yake Agosti, kwa utaratibu, kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, kitaonekana kwenye jedwali kuwa kimepoteza uoto. Kijiji cha jirani kilichofukuza mifugo moja kwa moja na kuacha vichaka vijifunge kitaonekana kimefanya vizuri, hata kama ndama wake wanakufa na wafugaji wake wameshahamia Katavi au Morogoro kugombana na wakulima. Na ndani ya kijiji, mwenye ngitili ya hekta kumi aliyejiandikisha mapema atakuwa na cha kuuza, wakati mjane anayekata nyasi za kuezekea na kuchimba dawa kwenye eneo la jumuiya ataambiwa asiingie kwa sababu nyayo zake zinapunguza hesabu. Kwa hiyo mkataba wowote wa kaboni utakaopelekwa Kishapu, Msalala au Bukombe utaje picha zitachukuliwa mwezi gani na zitasawazishwa kwa mvua ipi. Uambatanishwe na ramani ya mipaka iliyopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Uonyeshe haki za wasio na ngitili. Na uandike wazi kwamba nyasi zilizoliwa baada ya dagashida kufungua lango hazihesabiwi kuwa uharibifu. Mnunuzi asiyekubali masharti hayo atafute kaboni yake kwingine.